Kamongo Kala Ndoano, Kaniachia Kamba!

MSOMAJI wangu, kuna aibu na kuna aibu. Kuachwa na demu stendi huku washikaji wanakucheki ni aibu. Lakini kuachwa na samaki mbele ya watoto wa shule ya msingi, tena ukiwa umevaa miwani ya jua na kofia ya kivuvi uliyonunua Mwanza kwa bei ya jogoo mzima? Hiyo ndugu yangu ni aibu ya mwaka.

Yalinikuta Zagayu. Kwa wale ambao jiografia iliwapita kushoto, Zagayu ni kata ya Wilaya ya Itilima, mkoani Simiyu. Kabla mkoa huo haujazaliwa mwaka 2012, huko kote kulihesabiwa Bariadi, Mkoa wa Shinyanga. Ni Usukumani hasa: pamba, ng'ombe, baiskeli na salamu ndefu. Nilikwenda kumsalimia mjomba, na kwa kuwa mimi ni mtoto wa mjini, nilibeba na mshipi mpya wa nailoni, ndoano kumi zinazong'aa na maneno mengi.

"Mjomba, leo usichinje kuku," nilimwambia. "Kitoweo nakileta mimi."

Mjomba alinitazama, akatabasamu, akamwambia shangazi aweke maji ya ugali jikoni. Ndipo nilipojifunga kitanzi mwenyewe. Nyumba nzima ilikuwa inanisubiri mimi.

Jioni ile nilikaa kwenye ukingo wa lambo la kunyweshea ng'ombe. Sikukaa sana. Kamba ikaanza kutembea polepole, bila fujo, kama mtu anayeiba nguo kwenye waya. Nikavuta. Nzito! Watoto wakapiga kelele. Nikavuta tena, nikahisi kitu kinatafunatafuna kule chini, mara... kimya. Kamba ikarudi nyepesi kama uzi wa cherehani. Ndoano hakuna, samaki hakuna, na heshima nayo imekwenda.

Mzee mmoja aliyekuwa akinywesha ng'ombe wake akaja, akaokota ile ncha ya kamba, akaipitisha kwenye vidole.

"Shikamoo babu," nikasema, sauti imeshuka.

"Marahaba mjukuu wangu. Huyu ni kamongo. Ona, kamba haikukatika kwa kuvutwa, imetafunwa. Wewe umeleta kamba ya mita hamsini, lakini umesahau shibiri mbili."

Hizo shibiri mbili, msomaji, ndiyo habari yetu ya leo.

SHIBIRI MBILI NI ZIPI?

Ukiangalia mshipi wa mvuvi, utaona sehemu nne. Kuna kamba yenyewe, ndefu, iliyozungushwa kwenye kijiti au kopo. Kuna chubwi, yaani kile kizito kinachozamisha. Kuna ndoano. Na katikati ya kamba na ndoano kuna kipande kifupi cha mbele ambacho wengi hatukijali. Hapo ndipo meno ya samaki yanapofika. Hapo ndipo magamba, mifupa ya mashavu na mawe ya chini yanapokwaruza.

Sisi vijana wa mjini tukiingia dukani tunauliza, "Kamba hii inabeba kilo ngapi?" Muuzaji anasema ishirini, tunatoa mshiko, tunaondoka tukiringa. Kumbe zile kilo ishirini ni za kamba nzima, mpya, isiyo na fundo wala mkwaruzo. Ikishaingia mdomoni mwa samaki mwenye meno, hazina maana tena. Hata kamba ya kilo hamsini inaliwa.

Kwa hiyo swali la kwanza si samaki ana uzito gani. Swali ni: ana mdomo gani? Kipande cha mbele kinachaguliwa kwa mdomo wa samaki, si kwa bei wala kwa fasheni ya kijiweni.

WENZETU WA MAJUU, JUU YA BARAFU

Nisikudanganye kwamba tatizo hili ni letu peke yetu. Huko Finland, Sweden, Urusi na Kanada, maziwa huganda wakati wa baridi mpaka watu wanatembea juu yake. Si utani. Ukiwa na ndugu aliyezamia pande hizo muulize. Watu hutoboa tundu kwenye barafu kwa kekee kubwa, hukaa kwenye kigoda na makoti yao, na hudondosha mshipi tunduni. Kanuni yao ya kawaida ni kwamba barafu ngumu, safi, iwe na unene wa sentimita 10 hivi kabla mtu hajathubutu kuikanyaga. Chini ya hapo unavua roho yako mwenyewe.

Anayewatoa jasho huko kwenye baridi ni samaki anayeitwa paiki. Mrefu, mdomo kama wa bata, na ndani ya mdomo ana mamia ya meno yaliyoelekea nyuma, na mengine makubwa kama sindano kwenye taya la chini. Paiki akifunga mdomo juu ya nailoni ya kawaida, habari imekwisha.

Sasa wenzetu wanafanyaje? Wanabishana, kama sisi tunavyobishana Simba na Yanga. Kambi ya kwanza inasema waya wa chuma na hakuna mjadala, maana hakuna jino la paiki linalokata chuma. Kambi ya pili inasema chini ya barafu maji ni meupe, samaki ni mzito na ana muda wa kukagua chambo, hivyo waya unamshtua. Hao hutumia kamba maalumu iitwayo flurokaboni, nene kama milimita 0.8 hadi 1, ambayo majini haionekani kirahisi. Kambi ya kwanza inajibu: nene au si nene, ipo siku jino litapata pembe nzuri na utalia.

Ukweli uko pande zote mbili. Waya una uhakika wa meno lakini ukikunjika mara moja unabaki na kovu, na kovu hilo ndipo utakapokatikia. Flurokaboni nene ni laini na haina kovu, lakini inatakiwa kupapaswa kwa vidole kila baada ya samaki. Ukisikia mkwaruzo, kata, funga upya. Uvivu wa dakika mbili ndio unaopoteza samaki wa mwaka.

Kikubwa nilichokipenda kwao ni mtego wao. Zamani walikuwa wanamwachia paiki ameze kabisa ndipo wavute. Matokeo yake ndoano inashika tumboni, na samaki hata ukimrudisha majini mara nyingi anakufa. Siku hizi wengi hutumia waya mmoja wenye ndoano mbili za matawi matatu, moja karibu na mapezi ya mbele ya chambo na nyingine nyuma zaidi, chambo kikilala usawa kama samaki anayeogelea. Paiki akikamata tu, unavuta papo hapo. Ndoano inashika mdomoni. Samaki anatoka salama, waya unatoka salama na vidole vyako pia.

TURUDI KWETU: SOMA MDOMO KWANZA

Huku kwetu hakuna barafu isipokuwa ile ya kwenye friji. Lakini midomo ipo, tena ya kila aina. Babu wa lamboni aliniwekea darasa pale pale, na mengine nimeyachota kwa wavuvi wa ziwani upande wa Lamadi.

KAMONGO. Huyu ndiye mbabe wa madimbwi, mabwawa na majaruba ya Kanda ya Ziwa. Ana mapafu, na mkubwa wake lazima apande juu kuvuta hewa. Ukitulia utamsikia akihema juu ya maji. Maji yakikauka anajichimbia kwenye tope, anajifunika kwa utando wa ute wake na kusubiri mvua kwa miezi. Anaweza kupita urefu wa mita moja na nusu. Lakini ya maana kwetu ni mdomo. Hana meno ya msumeno, ana mabamba magumu kama mikasi. Na hamezi kwa haraka: anafyonza chambo, anakitafuna, anakitema, anakifyonza tena. Kila raundi ya kutafuna ni raundi juu ya kamba yako. Ndiyo maana kwangu hakuvuta wala hakupigana. Alikula chakula chake cha jioni akamalizia na nailoni. Kwa kamongo ni waya tu, hakuna usanii.

SANGARA. Huyu si wa lambo, ni wa Ziwa Victoria, alikopandikizwa miaka ya 1950. Anaweza kufikia kilo 200, lakini mdomo wake hauna meno ya kukata. Ndani ni kama msasa. Hatari yake iko kwenye mifuniko ya mashavu, ina makali kama wembe. Akipiga kichwa huku na huku kamba inasuguliwa hapo. Kwa sangara waya si lazima. Kinachotakiwa ni nailoni nene mbele, milimita 0.8 hadi 1 na zaidi, urefu wa mkono mzima au pima moja, ili hata kamba ikizunguka shavuni ikute kitu kigumu.

KAMBALE. Msasa mwingine, tena mpana. Hakati kwa jino, anasugua mpaka kamba inachanika nyuzi. Nailoni nene kiasi inatosha, au kamba ya kusokota. Hatari ya kambale si mdomo, ni ile miiba miwili ya kwenye mapezi ya ubavuni. Ukimshika vibaya utaimba nyimbo zote za kwaya.

SATO. Mpole, mdomo mdogo, macho makali. Ukimwekea waya atakuona mshamba na kuondoka zake. Huyu anataka nailoni nyembamba, ndoano ndogo na mnyoo. Wengi hukosa sato kwa sababu wamejiandaa kwa vita na yeye alikuja kwenye chai.

NGURU na MZIA. Kwa wasomaji wa Dar, Tanga na Zanzibar, hawa ndio paiki wenu. Meno yao ni wembe mtupu. Mvuvi wa pwani anayefukuza nguru hufunga waya kabla ya ndoano bila kuuliza mtu.

KIBEBE. Ndugu zetu wa Ziwa Tanganyika wanamjua: meno marefu yanaonekana hata mdomo ukiwa umefungwa. Waya, tena mfupi na mgumu.

Umeona? Nchi moja, midomo sita. Anayekuambia "hii kamba inafaa samaki wote" anataka hela yako.

WAYA WA BREKI YA BAISKELI

"Sasa babu, waya nautoa wapi Zagayu?" niliuliza.

Alicheka mpaka ng'ombe wakageuka. Usukumani, wewe, unauliza waya? Baiskeli zimejaa kila boma. Waya wa breki uliochoka kwa fundi hauna kazi tena, na ndani yake kuna nyuzi nyingi za chuma zilizosokotwa pamoja. Zifumue polepole. Uzi mmoja ni mwembamba, hivyo chukua miwili au mitatu, isokote pamoja, na una kipande cha mbele kisichotafunika. Vijana wengine hutumia waya wa gita. Huo nao ni mzuri, mradi usiwe umeibiwa kwenye bendi ya kanisa.

Angalia mambo matatu kabla ya kuuamini.

Kwanza kutu. Waya wenye madoa ya kahawia una tundu ndani usizoziona. Tupa.

Pili kovu. Pitisha kati ya kidole gumba na cha shahada. Ukisikia kona, tupa. Usijaribu kuunyoosha kwa meno ukadhani umepona.

Tatu urefu. Kamongo anavuta chambo ndani na kutafuna, kwa hiyo waya mfupi wa vidole vinne ni kazi bure, atafika kwenye nailoni. Shibiri moja na nusu hadi mbili zinatosha. Ukizidisha sana, waya unajikunja wenyewe na chambo kinakaa kama nguo kwenye msumari.

Kuufunga sasa. Waya wa uzi mmoja haufungwi fundo la nailoni, utavunjika. Upitishe kwenye tundu la ndoano, shika ncha na mwili wa waya, zisokote zote mbili pamoja mara nne au tano, kama kamba ya katani. Kisha ile ncha izungushe kwa kubana, duara juu ya duara, mara nne au tano tena. Mwisho usikate kwa koleo, maana itabaki ncha kali ya kukuchana. Ikunje mbele na nyuma mpaka ijivunje yenyewe pale pale.

Kama waya wako ni wa nyuzi nyingi, njia nzuri ni kijibomba kidogo cha shaba. Pitisha waya, rudisha, kisha bana kwa koleo mahali pawili. Bana kiasi, usipondeponde. Ukiponda, umeukata mwenyewe kabla ya samaki.

Upande wa pili wa waya tengeneza kitanzi. Hapo ndipo inapofungwa kamba ya nailoni. Ukiwa na kile kipete cha chuma kinachojizungusha, kiweke hapo. Kamongo akinasa anajinyonganyonga kama nyoka, na bila kipete kamba yako yote itageuka msokoto wa nywele.

NDOANO NAYO INA MANENO YAKE

Hesabu za ndoano ziliwahi kunichanganya. Namba 10 ni ndogo kuliko namba 4, na namba 4 ni ndogo kuliko namba 1. Ukishapita moja zinaanza zile zenye sifuri: 1/0, 2/0, 3/0, na hizo zinakua kwenda juu. Kwa hiyo ukiingia dukani na kusema "nipe namba kubwa" utapewa ya kuvulia furu.

Kwa kamongo wa lambo, ndoano ya wastani yenye shina refu na chuma kinene ni bora kuliko kubwa ya kutisha. Shina refu linasaidia mambo mawili: meno yanakutana na chuma, na wewe unapata pa kushika wakati wa kuitoa. Jaribu ncha kwenye ukucha wa kidole gumba. Ikiteleza, inoe. Ikikwama, twende kazini.

Na usinunue ile isiyoshika kutu kabisa. Najua inang'aa. Lakini samaki akikukatia na kuondoka nayo, ya chuma cha kawaida itaoza baada ya muda. Ile nyingine atakaa nayo kama hereni ya maisha.

MITEGO MITATU YA KUANZIA

Mtego wa kwanza, wa kamongo: kielea cha bua la mtama au kipande cha kandambili, chubwi dogo, kipete, waya, ndoano moja. Pima kina ili chambo kikae karibu na tope. Minyoo ya kutosha au kipande cha samaki. Kielea kikianza kutembea usingoje kizame, na usifanye kama mimi kumwachia atafune. Hesabu moja, mbili, vuta kwa kukaza. Ile hekima ya watu wa barafu inafanya kazi hata kwenye joto la Itilima: ukiwahi, unamshika mdomoni. Ukichelewa, ndoano iko tumboni na waya wote umeingia ndani.

Mtego wa pili, wa kambale: hauna kielea. Chubwi linalala chini, kamba inapita huru ndani yake, nailoni nene ya shibiri mbili mbele, ndoano. Kambale akichukua hasikii uzito. Wengine humtegea kwa kipande cha sabuni ya kufulia, na kambale hana aibu, anakula.

Hapo kuna ujanja mmoja mtamu. Malambo yamejaa visiki. Badala ya kufunga chubwi kwa kamba ngumu, lining'inize kwa kauzi dhaifu pembeni. Likinasa kwenye kisiki, kauzi kanakatika, unapoteza jiwe tu. Samaki, waya na ndoano vinarudi nyumbani.

Mtego wa tatu, wa sangara: huu ni wa ziwani, mshipi wa mkononi au migonzo yenye ndoano nyingi. Chambo kinachopendwa ni furu au kitoto cha kambale. Mshipi wa mkononi vaa kitambaa au mpira kwenye vidole. Kamba ya sangara mkubwa inapoondoka inakata nyama kama wembe, na usijaribu hata siku moja kuizungusha kwenye kiganja. Atakupeleka Musoma bila nauli.

Na kwenye mitego yote, fundo la nailoni: pitisha, zungusha mara tano au sita, rudisha ncha kwenye kile kitundu cha kwanza, lowesha kwa mate, kisha kaza taratibu. Mate si ushamba. Nailoni kavu ikikazwa kwa haraka inapata moto na kupoteza nguvu. Ukimaliza, kanyaga ndoano kwenye gogo uvute kwa nguvu zako. Bora ikukatikie wewe kuliko samaki.

VIDOLE, KICHOCHO NA MKONO WA SHERIA

Babu alinionyesha kidole chake cha shahada, kimepinda, na ukucha hauna. "Huyu alikuwa amekufa," alisema akimaanisha kamongo. "Nilimweka juani saa nzima." Somo: kamongo nje ya maji bado yu hai, ana mapafu yake. Usiingize kidole mdomoni mwake hata akionekana amelala. Tumia koleo au kijiti, na mpige kichwani kwanza ikiwa ni wa chungu.

La pili, usiingie majini. Najua kuna joto, najua ndoano imenasa. Lakini malambo na kingo za ziwa kwa Kanda ya Ziwa ndiyo nyumbani kwa kichocho. Konokono wadogo wanakitoa, kinapenya kwenye ngozi kimya kimya. Na ukisogea kwenye mito au ziwani, kuna mamba na viboko ambao hawasomi magazeti. Ndoano si mali ya kufia. Kata kamba.

La tatu ni sheria. Uvuvi nchini unaongozwa na Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 na kanuni za mwaka 2009 na marekebisho yake. Ziwa Victoria sangara chini ya sentimita 50 haruhusiwi, sato chini ya sentimita 25 haruhusiwi. Leseni, aina ya ndoano na maeneo yaliyofungwa, muulize ofisa uvuvi wa wilaya kabla hujaloweka kamba. Lambo nalo lina wenyewe. Pita kwa mwenyekiti wa kijiji, piga hodi kama mtu aliyelelewa. Na kule kwenye hifadhi za wanyama usijaribu kabisa, maana hadithi yako itaishia mahakamani.

SIKU YA PILI

Ugali ule wa kwanza tulikula kwa mlenda. Shangazi hakusema neno, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Mjomba alisema tu, "Mjomba, hata ng'ombe haanzi kutoa maziwa siku anayonunuliwa."

Kesho yake asubuhi nilikwenda kwa fundi baiskeli, nikapata waya wa breki wa bure. Babu alinisimamia nikiusokota. Vidole vilichomwa mara tatu. Nilivua miwani, nikavua na kofia, nikakaa.

Jua lilipokuwa linakwenda kuzama kielea kikaanza tena ule mwendo wake wa kuiba nguo. Moja. Mbili. Nikakaza. Safari hii kule chini kulitafunwa, nikahisi kabisa ule mtikisiko wa meno juu ya chuma ukipanda kwenye kamba mpaka kwenye vidole vyangu. Lakini waya haukusema kitu. Dakika chache baadaye kamongo alikuwa kwenye majani, mrefu kama mkono wangu, akijinyonga na kunihemea usoni kama mtu mwenye kinyongo.

Watoto walipiga kelele zaidi ya jana. Mmoja akauliza, "Kaka, na ile ndoano ya jana?" Tukamfungua mdomo kwa kijiti. Haikuwepo. Huyu alikuwa mwingine.

Hapo furaha ikapungua kidogo, sikufichi. Maana yake yule wa kwanza bado yuko mle lamboni na ndoano yangu inayong'aa mdomoni, kwa sababu mimi nilikuwa na haraka ya kuringa na sikuwa na dakika kumi za kusokota waya. Babu alisoma uso wangu.

"Itaoza," alisema. "Kama hukununua ile ya kung'aa milele."

Nilikuwa nimenunua ile ya kung'aa milele.

Basi ndugu msomaji, kabla hujaenda kuvua wikiendi hii na washikaji, iwe Lamadi, Kigamboni au lambo la kwenu, anza na swali moja: nani yuko kule chini na ana mdomo gani? Ukishajua, shughulikia zile shibiri mbili. Kamba iliyobaki yote ni ya kukufikisha tu pale.

Na usimwambie shangazi asichinje kuku mpaka samaki awe mkononi.